Herufi ya Mtani

Mtoto alikuwa akisoma vizuri hadi alipofika kwenye neno "gari". Hapo akanyamaza. Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akaikazia macho, akamtazama mwalimu wake, kisha akanitazama mimi. Tulikuwa tumekwenda shuleni pale kukijaribu kitabu cha hadithi cha darasa la kwanza kabla hakijapelekwa kuchapwa, na mimi ndiye niliyepanga kurasa zake. Nilikuwa nimechagua fonti yenye adabu zote za kitabu. Katika fonti hiyo g ina vitanzi viwili, kimoja juu na kingine chini, vimeunganishwa kwa kishingo chembamba, na upande wa kulia ina sikio dogo. G ya ubaoni ilikuwa duara moja lenye mkia. Mtoto hakuwa ameshindwa kusoma. Alikuwa amewekewa mchoro ambao hajawahi kufundishwa.

Mwalimu, mama wa makamo mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hii g yenu ya kitabuni sisi bado hatujaifikia."

Usiku ule nilifungua kompyuta nikaanza kutafuta fonti yenye g ya mkia mmoja na a isiyo na kofia, maana a nayo ina tabia hiyo: mwalimu huiandika kama yai lenye kijiti pembeni, wachapaji huifunika kwa upinde juu. Nilipita fonti nyingi. Ya kwanza kunipa herufi zote mbili kama alivyoziandika yule mama ilikuwa Comic Sans, fonti ambayo walimu wangu wa usanifu walinifundisha kuidharau kabla hawajanifundisha kuitazama. Tangu siku hiyo nimeitazama sana, pamoja na ndugu zake wote: fonti za kompyuta zinazojifanya mwandiko wa mkono, zilizolegea kidogo, zenye uso wa kucheka.

Kisa cha Comic Sans kinaanza na mbwa. Mwaka 1994 Vincent Connare, Mmarekani aliyefanya kazi ya herufi katika kampuni ya Microsoft, alionyeshwa programu iliyokuwa bado haijatoka, iliyoitwa Microsoft Bob. Ilikusudiwa watu wanaoiogopa kompyuta. Badala ya kupewa orodha za amri, mtu alifunguliwa nyumba yenye vyumba na samani, na ndani yake akakutana na wahusika wa katuni wa kumwelekeza njia. Mmoja wao alikuwa mbwa aitwaye Rover. Maneno ya Rover yalitokea ndani ya kiputo, kama tulivyozoea kwenye vitabu vya katuni, ila yalikuwa yameandikwa kwa Times New Roman.

Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kuonekana humo mwaka 1932. Ni sauti ya tahariri, ya hukumu, ya barua kutoka benki. Connare alipoiona ikitoka mdomoni mwa mbwa alijua kuna jambo haliko sawa. Hapo ndipo ninapompa heshima yake. Hakulalamika kwamba herufi zile ni mbaya, kwa kuwa si mbaya. Alisikia kwamba msemaji na sauti yake hawafanani, kama vile mtoto wa miaka sita afungue mdomo itoke sauti ya hakimu.

Ofisini kwake kulikuwa na vitabu vya katuni, Batman wa Frank Miller na Watchmen, ambavyo maneno yake yaliandikwa kwa mkono: ya Batman na John Costanza, ya Watchmen na Dave Gibbons aliyeichora pia. Connare hakunakili mwandiko wao. Aliutazama, akaelewa mwendo wake, kisha akachora herufi zake kwa kipanya moja kwa moja kwenye skrini. Mkono unaoongoza kipanya hutetemeka kidogo, na mtetemeko ule aliuacha ubaki.

Ila mbwa hakuipata sauti yake. Vile viputo vya Bob vilikuwa vimeshapimwa kwa vipimo vya Times New Roman, na herufi mpya zilikuwa kubwa zaidi. Maneno yangemwagika nje. Bob ilitoka mwaka 1995 na Rover akiendelea kusema kama gazeti la London, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni. Fonti ikapata kazi katika programu ya watoto ya kutengeneza filamu za katuni, 3D Movie Maker, kisha ikaingizwa kwenye kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, na hatimaye ndani ya Windows yenyewe. Mwaka 1996 Microsoft iliiweka kwenye kundi la fonti ilizozigawa bure kwa ajili ya kurasa za intaneti, pamoja na Arial, Georgia na Verdana. Sauti iliyotungwa kwa ajili ya mbwa mmoja ikabaki bila mbwa, ikaingia katika mamilioni ya kompyuta, ikimsubiri yeyote atakayeichagua.

Na waliichagua. Ukitaka kujua kwa nini, jiweke kwenye kiti cha mtu wa miaka ile aliyefungua orodha ya fonti kwa mara ya kwanza. Anataka kuandika kadi ya kipaimara ya binti yake, au tangazo la kuuza maandazi, au mtihani wa darasa la tatu. Anapita Arial, Courier, Times. Zote zinaongea kama ofisi. Halafu anafika kwenye moja inayoongea kama nyumbani. Angefanya nini? Kwenye steshenari zetu, Kariakoo na kwingine, nimeona wateja wakinyoosha kidole kwenye skrini na kusema, "Hiyo, hiyo iliyochangamka." Hawakujua jina lake. Walichokijua ni kwamba miongoni mwa fonti zote, hiyo ndiyo iliyofanana na mtu.

Haja ya kuufanya uchapaji ufanane na mtu ni ya zamani kuliko kompyuta, tena ya zamani kama uchapaji wenyewe wa Ulaya. Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz takriban mwaka 1455, hakuridhika na herufi moja moja za alfabeti. Alitengeneza karibu maumbo 290: a nyembamba na a pana, herufi zilizoshikana, vifupisho, yote ili ukurasa ulingane na mwandiko wa mkono ambao wanunuzi wake waliuzoea. Mwaka 1501 kule Venice, Francesco Griffo alimchongea mchapishaji Aldus Manutius herufi za mlazo kwa kufuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa zama zile. Herufi za mlazo tunazotumia leo kuandikia majina ya vitabu zilianza kama mwandiko wa mtu mwenye haraka, na sasa zimekuwa rasmi kiasi kwamba hakuna anayekumbuka.

Katika karne ya 20 mkono ulirudi tena, safari hii ukiwa umelegea. Mwaka 1953 Roger Excoffon, Mfaransa aliyesanifu kwa kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive mjini Marseille, alitoa Mistral, iliyopewa jina la upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa. Aliijenga juu ya mwandiko wake mwenyewe. Naiheshimu Mistral kuliko karibu zote za jamii yake, kwa sababu ya ugumu wa kazi ile. Herufi za wakati huo zilikuwa vipande vya risasi, kila kimoja peke yake. Excoffon alitaka ziungane kama wino ulioandikwa bila kuinua kalamu, hivyo mkia wa kila herufi ulibidi uishie pale pale ambapo kila herufi nyingine inaanzia. R ikifuatwa na i, r ikifuatwa na o, r ikifuatwa na t: mlango ule ule mmoja uwapokee wote. Na bado ukiitazama unaona mtu aliyeandika barua akiwa na furaha.

Sasa twende kwenye herufi zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhindwa kutofautisha fonti nzuri ya aina hii na mbovu, kisha wanazilaumu zote.

Mkono haurudii. Andika "maandazi" kwa kalamu, halafu tazama a zako tatu. Ya kwanza itakuwa imefunga vizuri, ya pili imebanwa na mwenzake, ya tatu imekimbilia z. Fonti ya kawaida haina a tatu. Ina moja, inaipiga mhuri mara tatu. Kwenye Times hilo halimsumbui mtu, kwani Times haijawahi kudai kuwa mkono. Lakini fonti inayodai kuwa mwandiko, ikiweka a mbili zenye kitetemeko kile kile, mahali pale pale, bega kwa bega, jicho linajua limedanganywa hata kama msomaji hawezi kusema kwa nini.

Kwa Kiingereza tatizo hili hujificha. Kwa Kiswahili linakaa uchi. Lugha yetu inaipenda a kuliko herufi yoyote: wanafanana, tumekaa, hawatakaa, taarifa, saa, maana. Hata sentensi fupi ya tangazo, "Karibu kwa maandazi na chai ya maziwa", ina a kumi. Ndiyo maana fonti iliyopendeza kwenye bango la Kiingereza, ukiipa maneno yetu inageuka safu ya yai moja lililorudiwa na kurudiwa. Mimi sichagui tena fonti ya mwandiko kwa kutazama jina lake au sampuli ya muuzaji. Naandika "hawatakaa" kwa ukubwa wa kutosha na kusogea nyuma hatua mbili.

Ufumbuzi upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland, waligeuza miandiko yao kuwa fonti, mmoja akiandika kwa mkono wa kushoto na mwingine kwa wa kulia. Kabla ya hapo walikuwa wameshatengeneza Beowolf, fonti iliyobadilisha kingo zake kila ilipochapwa, kiasi kwamba hakuna herufi mbili zilizofanana. Siku hizi fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huweza kubeba a tatu au nne zilizochorwa tofauti, na programu huzipokezanisha yenyewe kadiri unavyoandika. Fonti ya namna hiyo huchukua kazi mara nyingi zaidi kuitengeneza, na mara nyingi haipatikani bure. Inastahili bei yake.

Jambo la pili ni ritifaa. Tuna sauti ambayo bila ritifaa haipo: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Waliotengeneza fonti nyingi hizi walipima nafasi ya alama ile kwa maneno ya Kiingereza, ambamo haikai baada ya g na kufuatwa na vokali kila mara. Kwetu inaelea mbali, na neno moja linaonekana mawili: ng' ombe. Inabidi uivute kwa mkono, neno kwa neno. Nimewaona vijana hodari wakiiacha hivyo hivyo kwenye bango la mita sita, na imenisikitisha kila mara, maana ni kazi ya dakika moja. Majirani zetu wana mzigo mzito zaidi. Kikuyu kinahitaji ĩ na ũ, na fonti nyingi za bure za mwandiko hazina herufi hizo. Kompyuta huokota herufi kutoka fonti nyingine, na kadi ya harusi inatoka na jina la bwana harusi lenye kiraka katikati.

Comic Sans yenyewe, ukiipima kwa vipimo hivi, haipati alama za juu. Ina a moja tu. Nafasi kati ya herufi zake hazina ulinganifu, na ukiikuza kwa bango inaonekana kama nguo ya mtoto kwa mtu mzima. Mistari yake ina unene ule ule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo aya ndefu inakuwa nzito. Mwaka 2014 Craig Rozynski, msanifu kutoka Australia, alitoa Comic Neue akijaribu kuisahihisha, na kweli imenyooka zaidi. Lakini Comic Sans ilitengenezwa kwa skrini za 1994, zilizokuwa na nukta chache na ncha kali, na kwenye skrini zile ilisomeka vizuri. Nayo ina zile a na g za mwalimu. I kubwa yake ina vijiti juu na chini, haichanganyiki na l ndogo. Chama cha Disleksia cha Uingereza, kinachowahudumia watu wanaopata shida ya kusoma na kuandika, kinaitaja Comic Sans miongoni mwa fonti zinazofaa katika mwongozo wake. Kwa mtoto aliyekwama kwenye g, huo ni msaada wa kweli.

Chuki dhidi yake ilianza mapema. Mwaka 1999 kule Indianapolis, Dave na Holly Combs, wasanifu waliokuja kuwa mume na mke, walichukizwa mmoja wao alipotakiwa kuitumia katika kazi ya makumbusho ya watoto, na baadaye wakaanzisha kampeni ya kutaka ipigwe marufuku. Kampeni ikaenea duniani. Kwa miaka mingi kuidharau Comic Sans kukawa ndiyo njia rahisi ya kuonyesha kwamba wewe ni mtu wa fani.

Kuna kesi mbili zinazotajwa kila mara. Julai 2010 Dan Gilbert, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Cleveland Cavaliers, aliandika barua ya wazi yenye hasira baada ya LeBron James kutangaza kuhama. Ilikuwa barua ya maneno makali, na yote yalikuwa kwa Comic Sans. Watu walicheka. Hasira ilikuwa ya kweli, lakini herufi ziliifanya iwe ya mtoto aliyenyang'anywa mpira. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Julai 2012, mwanafizikia Fabiola Gianotti alisimama katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, kuwasilisha matokeo ya chembe ya Higgs, iliyotafutwa kwa karibu nusu karne. Slaidi zake zilikuwa kwa Comic Sans. Alichekwa vile vile, na hapo mimi nilikasirika kwa niaba yake. Gilbert alikuwa akihukumu hadharani kwa sauti isiyo na uzito wa hukumu. Gianotti alikuwa akiwaeleza wenzake walichokiona pamoja, kwa michoro na maelezo ya pembeni, kama watu wa maabara wanavyozungumza ubaoni. Fonti ile ile, kikao tofauti.

Ninapowafundisha vijana, hapa huwa naacha maneno ya usanifu na kuwauliza kuhusu utani. Kila mmoja anaujua. Mtani ana haki. Anaingia msibani, anakaa ukingoni mwa kaburi akidai alipwe ndipo kazi iendelee, anaigiza kikohozi cha marehemu na mwendo wake wa kuvuta mguu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Jirani asiye mtani akifanya nusu ya hayo atatolewa nje. Haki ya mtani haimo katika uchekeshaji wake, maana pengine yule jirani anachekesha zaidi. Imo katika uhusiano uliojengwa na mababu, unaojulikana na wote waliokaa pale. Ndani ya uhusiano huo kicheko ni ubani.

Fonti iliyochangamka ni sauti ya mtani. Kwa hiyo swali la kuiuliza kazi yoyote ni hili: huyu anayesema ana utani na anayesoma? Mwalimu na wanafunzi wake wadogo, ndiyo. Mama wa maandazi na wateja wake wa kila asubuhi, ndiyo. Binamu anayeandaa sherehe ya kumaliza chuo, ndiyo. Mwajiri anayemwachisha mtu kazi, hapana. Niliwahi kuona kwenye uzio wa mitambo ya umeme onyo la hatari ya kifo lililoandikwa kwa herufi za kucheza, na nikasimama pale nikijiuliza ni watoto wangapi wamelisoma kama mwaliko. Niliwaandikia wahusika kuhusu jambo hilo. Hata ningejibiwa kwamba ni dogo, nisingekubali.

Utani hauishii kwenye kuchekesha, wala fonti hizi haziishii hapo. Kazi yake moja inayosahaulika ni kusema "bado". Mwaka 1989 David Siegel alitengenezea Adobe fonti ya Tekton kwa kufuata mwandiko wa Frank Ching, msanifu majengo aliyeandika vitabu vya michoro kwa mkono wake. Wasanifu majengo wakaipenda. Mchoro wa nyumba ulioandikwa kwa herufi za ofisi humwambia mwenye nyumba kwamba mambo yamekwisha, aweke sahihi. Mchoro ule ule wenye maandishi ya mkono humwambia kwamba penseli bado iko mkononi, aseme anataka dirisha wapi. Mimi hutumia mbinu hii ninapopeleka rasimu kwa waandishi. Nikiandika maoni yangu pembeni kwa fonti rasmi, wengi huyakubali yote kimya kimya. Nikiyaandika kwa fonti ya mwandiko, wananibishia, na kitabu kinakuwa bora.

Kuna mahali ambapo watu hudhani fonti ya kucheza inahitajika kumbe ingeharibu. Tazama kanga. Hakuna karatasi wala kitambaa chetu chenye mafumbo, vijembe na utani kuliko kanga, na jina lake tangu enzi za bibi zetu huandikwa kwa herufi kubwa, zilizosimama wima, zisizotabasamu hata kidogo. Nguvu yake iko hapo. Maneno yanachoma na herufi zimetulia, kama shangazi anayekutolea kijembe huku anakumiminia chai. Ukiyaandika maneno yale kwa herufi za kurukaruka umemwonyesha jirani mahali pa kucheka, na kijembe kimepoteza makali. Kwa hiyo maneno yakiwa yamechangamka yenyewe, mara nyingi herufi zipumzike.

Katuni ni kinyume chake. Wasomaji wa Taifa Leo waliomfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo, na wale wa gazeti la Sani hapa Tanzania, walizoea sauti za wahusika zikitoka kwenye mkono uleule uliochora pua zao. Maneno na mchoro vilikuwa wino mmoja. Mchora katuni anayetumia kompyuta leo, nikimshauri, namwambia aandike alfabeti yake mwenyewe na kuigeuza fonti. Ni kazi ya siku chache, na programu za kuifanya zipo hata za bure. Aandike a nne.

Kile kitabu cha watoto sikukichapa kwa Comic Sans. Nilitafuta fonti iliyotulia zaidi yenye a na g za shuleni, na mwalimu akairidhia. Comic Sans niliitumia baadaye, mara moja tu, na ilikuwa kwenye ratiba ya mazishi.

Kijana mmoja aliniletea ratiba ya mazishi ya baba yake ikiwa imeshaandikwa, niipange na kuichapa. Alikuwa ameiandika yote kwa Comic Sans. Nikajiambia ni haraka na majonzi, nikaibadilisha bila kumuuliza, nikaweka fonti ya heshima, yenye kivuli chembamba na nafasi za kutosha. Asubuhi akaja dada yake kuichukua. Akaishika, akaitazama, akanyamaza kama yule mtoto wa darasa la kwanza.

"Kaka, hii siyo ya baba," alisema.

Akafungua mkoba akatoa karatasi za mitihani, zimekunjwa, nyingine zimekuwa rangi ya chai. Baba yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu shule ilipopata kompyuta yake ya kwanza mpaka alipostaafu, kila mtihani aliutunga kwa herufi zile, kwa kuwa watoto walizielewa. Nusu ya watu watakaokuja kumzika walijifunza kujumlisha kwa herufi hizo.

"Watani wake wamekuja tangu jana, wanamwigiza sauti mpaka mama anacheka," akasema. "Na wewe muachie herufi zake."

Nikazirudisha zote. Nilichogusa ni jina la kijiji chake, lililoanza kwa ng', kwa sababu ritifaa ilikuwa imekaa mbali. Nikaivuta ikakaa karibu na g, nikachapa nakala 200.